Rafu ya Wastaafu

Shangazi yangu anauza vyakula vilivyostaafu. Jina hilo alilitunga mwenyewe, akaliandika kwa chaki juu ya rafu iliyo karibu na mlango wa duka lake: WASTAAFU, NUSU BEI. Hapo hukaa biskuti, tambi, majani ya chai na makopo ya samaki, vyote ambavyo tarehe yake imepita. Hamfichi mtu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akaona masufuria mazima ya wali yakimwagwa. Akala kiapo kwamba chakula kizuri hakitatupwa tena mbele ya macho yake.

Mtaa mzima humwita Mama Tarehe. Kanuni yake ni moja: hauzi mstaafu ambaye hajamwonja. Kila siku saa nne asubuhi hufungua kimoja kutoka kila katoni mpya, huketi nyuma ya kaunta na kula huku wateja wakishuhudia. Fundi cherehani wa mlango wa pili huja makusudi na kikombe chake cha chai.

“Leo tunamzika nani, Mama Tarehe?”

“Wewe, ukiendelea kudokoa biskuti zangu.”

Walikuwa katika utani huohuo Jumanne moja, akaingia dada mwenye mkoba begani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nikupe kipya au mstaafu?”

“Mimi ni afisa afya. Kuna mtu amelalamika. Nikikuta kitu cha hatari, itabidi nifunge duka.”

Fundi aliacha kutafuna. Shangazi alichukua biskuti, akaivunja kah!, akaimaliza yote.

“Haya, saa unayo. Subiri uone kama nitaanguka.”

“Mama, tumbo lako si maabara.”

“Lile si tumbo, afisa, ni tanuri,” fundi alidakia.

Afisa alicheka, kisha akampa Shangazi pakiti ya zile biskuti. “Hebu nisomee hapa.”

“Tarehe tano, mwezi uliopita.”

“Na kabla ya namba kumeandikwa nini?”

Shangazi aliisogeza pakiti mbali, akaivuta karibu, akaisogeza tena. Namba aliziona vizuri. Maneno yaliyotangulia, madogo kama mayai ya chawa, hakuwahi kuyajali. Miwani ilikuwa ndani ya droo. Alikuwa ameapa kutoivaa mbele ya fundi. Akaivaa.

“Bibi yangu, hujambo?” fundi alisema papo hapo.

“Nyamaza wewe. Panasema, ‘Bora kabla ya.’”

“Hiyo ni ahadi ya ladha,” afisa alieleza. “Ikipita, biskuti inaweza kulegea, lakini pakiti ikiwa nzima na imetunzwa vizuri, inalika. Sasa hii.” Alitoa mtindi kwenye friji, wenye raba nyekundu shingoni mwa chupa, alama ya ustaafu.

“‘Mwisho wa kutumika.’”

“Hapo hakuna mjadala. Vijidudu havipigi hodi, mama. Huwezi kuvionja wala kuvinusa.”

“Wa jana niliunywa, nami ni mzima kama kigingi.”

“Una nguvu zako, na una bahati. Angekunywa mgonjwa? Au mtoto mchanga?”

Shangazi aligeukia rafu. Asubuhi ile alikuwa amemuuzia jirani wa nyumba ya kijani, mama wa mtoto wa miezi minne, kopo la maziwa ya unga la wastaafu. Alikuwa ameonja la katoni ileile, akalisifia kwa mdomo wake.

Alichomoa kopo jipya rafuni, akavuta na jingine la katoni ile ya wastaafu, akaweka miwani sawa. ‘Mwisho wa kutumika.’ Wiki tatu zilizopita.

“Mniangalizie duka!” alisema, akatoka mbio na aproni yake, kopo jipya kwapani. Watu walimpisha. Mwenye umri wa miaka hamsini na tisa akikimbia hivyo, haulizwi sababu.

Kwa jirani, maji yalikuwa yamekwisha kuchemka. Chupa ilikuwa mezani, kijiko mkononi, na kopo bado limefungwa.

“Mama Tarehe, kuna nini?”

“Nimekosea, mwanangu. Chukua hili. Bei ni ileile uliyolipa.”

Aliporudi, aliweka kopo la zamani mbele ya afisa, akihema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. “Hili nilikwisha kuliuza. Halijafunguliwa. Kama ni kufunga, funga.”

Afisa alilitazama kopo, kisha aproni iliyojaa vumbi. “Maziwa ya mtoto, vya friji na vyote vyenye ‘Mwisho wa kutumika’ iliyopita, tunavitupa sasa hivi. Rafu ya mlangoni ibaki. Nitarudi Ijumaa.”

Shangazi aliumwaga mtindi mwenyewe, chupa moja baada ya nyingine, uso ameugeuzia ukutani.

“Kiapo chako je?” fundi alinong’ona.

“Niliapa juu ya chakula kizuri.”

Kesho yake saa nne, fundi alifika na kikombe. “Leo tunamzika nani, bibi?”

Shangazi alivaa miwani, akasoma maneno kwa sauti, akasoma namba, ndipo akauma biskuti.