Siku Baba Alipobanwa na Gari Mbugani

Udongo mweusi wa mbugani ukilowa una harufu yake, kama majivu baridi yaliyochanganyika na samli iliyochacha. Ukichanganya na oili ya gari, mimi hurudi utotoni papo hapo. Juzi fundi mmoja alikuwa akikwangua matope kwenye ekseli ya gari la jirani, nami kibarazani nikajikuta nimeshika kiti kwa mikono miwili, sitikisiki. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, unaumwa?" Sikuwa naumwa. Nilikuwa na miaka tisa, nimo ndani ya Landrova iliyokwama, na baba yangu yuko chini yake.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi kwenye shule ya kati, huko kwetu Iramba. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na watu walikuwa wameanza kuhamia vijiji vya ujamaa. Wenzake jioni walicheza bao. Baba alijifungia kwenye kibanda chake cha nyuma ya nyumba na redio yake ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kupenda tu, si kwa mshahara. Mara nyingine walizungumza kwa sauti, lakini zaidi waligonga alama, nukta na mistari, tiki-tiki-taa. Alikuwa na kibali cha serikali, na alikitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Mama alikuwa akisema, "Vyeti viwili, na sijui kipi kina nguvu."

Mimi alinifundisha zile alama nikiwa darasa la pili, kwa kugonga kijiko juu ya meza. Nilizijua haraka. Msinisifu. Nilizijua kwa sababu ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumfanya avue vile vipokea sauti vya masikioni akanitazama.

Jumamosi moja kila mwezi aliazima Landrova ya misheni pamoja na dereva wake, Mzee Yona, akaenda mahali pa wazi penye sauti safi. Siku hiyo niliomba twende wote, akakubali. Tulipita Nduguti, tukateremka hadi mbugani, wakatundika waya mrefu kati ya migunga miwili. Baba akawa na furaha kama mtoto. Alizungumza na mtu aliyesema kwake kuna theluji. Mimi nilikula viazi vyangu vyote kabla ya saa nne, kisha nikahesabu mbuni.

Saa saba hivi Mzee Yona akanyoosha kidole kwenye milima nyuma yetu. Mawingu yalikuwa meusi kama sufuria.

"Mwalimu, tuondoke. Mbuga haikuulizi gari lako lina gia ngapi."

"Bado kidogo, Mzee Yona. Nampata mtu wa mwisho."

Mtu wa mwisho alichukua karibu saa nzima. Tulipoukunja waya na kuutia kwenye gunia, mvua ilikuwa imeshatupitia. Hatukwenda hata maili mbili. Gari likayumba, likalalia upande wa kushoto, likazama hadi kwenye ekseli.

Mzee Yona alijua kazi yake. Alipunguza upepo kwenye matairi, akakata matawi, akayasukumia chini ya magurudumu. Ikashindikana. Alitaka kwenda kutafuta mti mnene wa kuwekea jeki, lakini Baba, nadhani kwa aibu ya kutuchelewesha, akachukua ubao mwembamba aliokuwa akiandikia. Akauweka kwenye tope, akasimamisha jeki juu yake, akanyanyua. Kisha akaingia chini kwa ubavu kusukuma matawi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, upande wa juu, kando ya redio.

Nilisikia ubao ukipasuka. Gari likashuka, taratibu, kama mnyama anayelala. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Aa."

Tope lilikuwa laini, na hilo ndilo lililouokoa mguu wake usisagike. Lakini ulibanwa kuanzia gotini kwenda chini. Mzee Yona akavuta, akachimba kwa mikono. Kila alipochimba, tope lilirudi, na gari likaketi zaidi.

"Acha," Baba akasema. "Nenda ukaite watu. Na wewe Tabitha, unanisikia?"

"Nakusikia, Baba."

"Kaa hapo hapo ulipo. Usiruke, usihame upande. Gari likitikisika, litanikalia."

Mzee Yona akavua viatu, akavishika mkononi, akaenda. Nilimtazama mpaka akawa kama mbuni mwingine.

Sijui kama mmewahi kukaa bila kutikisika kwa hofu ya kumuua mtu unayempenda. Ukitaka kujikuna, hujikuni. Inzi alitembea kwenye jicho langu, nikamwacha. Dirisha lilikuwa wazi upande wangu, na mbuga yote ilikuwa pale, pana, haina ukuta wala mlango, nami sikuweza kuweka mguu nje. Nilibanwa na mkojo. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikajikojolea palepale, na kwa miaka mingi niliona aibu ya jambo hilo kuliko kitu chochote cha siku ile.

Kisha nikaona maji. Mvua ya milimani ilikuwa ikitufikia kwa chini, ikijaza alama za matairi yetu, polepole.

"Baba, maji yanakuja."

"Nayaona. Tabitha, washa redio. Swichi ya kulia. Umeona taa nyekundu?"

"Nimeiona. Lakini waya uko kwenye gunia."

"Bodi ya gari inatosha kuwa waya. Gonga. Waambie tulipo. Usiache mpaka nikuambie."

Kitufe cha kugongea kilikuwa kimefungwa kwa skrubu kwenye sanduku la chuma, nalo sanduku kwenye sakafu ya gari. Nikanyoosha mkono tu, mwili ukabaki ulipo. Nikagonga: BABA AMEBANWA NA GARI MBUGANI NJOONI. Nikarudia. Nikarudia tena. Baba akauliza kutoka chini, "Unagonga?" Nikajibu, "Nagonga." Baadaye akawa haulizi. Maji yalikuwa yamefika kwenye mbavu zake, nami nilisikia akijivuta, akiinua kichwa.

Maneno yakaniishia. Ukirudia sentensi moja mara mia, inageuka kelele. Nikaanza kuwaeleza wale watu wa mbali mambo mengine. Niliwaambia viazi vimekwisha. Niliwaambia mimi ndiye niliyemwaga wino, si Samweli, kaka yangu. Kisha, kwa kuwa hawakunijua na wasingenisema kwa mtu, nikagonga: BABA ANAPENDA REDIO KULIKO SISI. AKIFA HATAJUA KAMA NILIKASIRIKA.

Halafu kutoka chini sauti ya Baba, nzito, ikasema, "Endelea, mwanangu. Usiache."

Niliendelea mpaka kidole kikatoka lengelenge.

Jua lilikuwa bado juu kidogo waliponitokea, Mzee Yona na watu kama ishirini, wanaume na wanawake, na magogo mabegani, na majembe. Walitoka kwenye kijiji kipya ambacho hakikuwa mbali hata kidogo. Mwenyekiti wao, Mzee Kitundu, alipiga magoti kwenye maji akachungulia.

"Pole sana, Mwalimu. Tuliwaona tangu asubuhi mkitundika waya. Tukasema hao ni watu wa serikali, tusiwasogelee."

"Shikamoo, Mzee," Baba akasema, meno yakigongana. Hata pale hakusahau.

"Marahaba. Tulia sasa."

Wanaume wakapenyeza magogo chini ya gari, wakaweka mabega. Wanawake wanne wakalala kwenye tope, wakachimba kwa mikono pembeni ya mguu. Mmoja wao akaniambia kupitia dirishani, "Mama, usiogope, kaa hivyo hivyo." Wakahesabu kwa Kinyiramba, wakanyanyua, na Baba akatoka kama jino. Ndipo nikalia.

Mguu ulipona, ila alichechemea hadi kaburini.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilipata kazi ya kupokea simu za maandishi, kwa alama zile zile. Huko nilijifunza kwamba redio isiyo na waya wake haifiki popote. Hata ng'ombe wa Mzee Kitundu wasingenisikia. Nikaelewa kwamba Baba alinipa kazi ili nisitazame maji. Nilidhani hapo ndipo mambo yalipoishia.

Likizo moja nilikuwa nyumbani, nimekaa mezani nikigonga alama kwa kucha bila kufikiri, kama tulivyozoea kazini. Baba alikuwa chumba cha pili, amelala, kichwa ukutani, na meza imegusa ukuta huo huo. Akacheka. "Nani huyo msimamizi wako mwenye pua ndefu?"

Nikaacha kugonga. Nikaenda mlangoni.

"Baba, siku ile mbugani. Kichwa chako kilikuwa wapi?"

"Maji yalipopanda nilikiegemeza kwenye chesisi, chuma kilichobeba sakafu ya gari."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Neno kwa neno. Nilikuwa nimeanza kusinzia, Tabitha, ule usingizi mbaya wa baridi. Hilo ulilosema ndilo lililoniamsha."

"Mbona hukunijibu miaka yote hii?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mwalimu aliyeulizwa jambo alilokwisha kulifundisha.

Nami nikakumbuka. Baada ya mbuga ile, kila jioni Baba alikuja na kigoda chake jikoni, akakaa nasi kwenye moshi akimenya karanga, hasemi jambo la maana, mpaka tulipokwenda kulala. Mama alitwambia tumwache, mguu unamuuma, hawezi kutembea hadi kibandani. Toka jikoni hadi kibandani zilikuwa hatua kumi na mbili tu. Sote tulimwonea huruma.