Vigingi Katika Shamba la Baba

Nikisikia mtu anamwambia mtoto wa shule, "Soma sayansi, mafuta yanakuja," natamani nimzibe mdomo. Mimi niliambiwa hivyo na mwalimu wangu wa jiografia, na maskini, alikuwa na nia njema kabisa. Nikasoma. Nikatoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa mafuta na gesi, nikapanga chumba mjini, Mandewa, nikawa nauza vocha na chaja barazani kwa mwenye nyumba huku natuma maombi ya kazi. Wote wanataka uzoefu. Huo uzoefu unauzwa duka gani, mpaka leo sijaambiwa.

Nyumbani kwetu ni kijijini, kandokando ya mbuga ya Wembere. Huko baba aliniita Mhandisi, wala si kwa utani, hata mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Akiulizwa binti yake anafanya nini mjini, alijibu, "Anasubiri kupangiwa." Nilikuwa naona aibu mpaka nakwepa kwenda nyumbani sikukuu.

Kiangazi kimoja, mvua zikiwa zimekaribia, kampuni ya utafiti wa mafuta ikapiga kambi jirani na kijiji chetu. Nilikimbia na vyeti vyangu. Msimamizi aliviangalia, akanirudishia. "Dada, hapa tunachukua vibarua wa nyaya tu." Nikasema sawa, mkono mtupu haulambwi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunapita kwa mstari, tunapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, tunatandaza nyaya zenye vidude vya kuchomeka ardhini. Nyuma yetu yanakuja magari mazito, yanatikisa ardhi, na vile vidude vinasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba. Mwangwi huo unapelekwa ofisi za mbali, wenyewe wanachora picha ya huko chini. Kuisoma picha hiyo ndiko nilikosomea. Sikuiona hata moja. Nilibeba nyaya.

Mstari ukapita katikati ya shamba la baba. Ee, furaha aliyokuwa nayo! Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, mama akatuletea togwa. Jioni akaniuliza kama hilo pango la mafuta lipo chini ya shamba lake hasa au limekwenda kwa jirani. Nikamweleza hakuna pango, baba. Mafuta yakiwepo yanakaa ndani ya jiwe lenyewe, kama maji yanavyokaa kwenye udongo wa mtungi mpaka ukatoka jasho kwa nje. Alitikisa kichwa kwa fahari, na nikajua hajanisikia, alikuwa ananitazama tu ninavyoongea.

Magari yakapita, nyaya zikakusanywa, kambi ikahama. Vigingi hakuna aliyevichukua, ni vijiti tu. Mvua ya kwanza ikanyesha, majirani wakafunga ng'ombe kwenye plau. Baba hakufunga, hata pembeni mwa vigingi hakulima, eti ng'ombe wasije wakavikanyaga.

"Baba, tumeshamaliza. Ng'oa, ulime."

"Nani amekwambia mmemaliza?"

"Mimi! Si nilikuwepo?"

"Wewe bado mdogo kazini. Wakubwa zako wakirudi wakute nimeng'oa, watasema ni nani? Ni baba yake Mhandisi. Nikuharibie kazi kwa sababu ya uwele?"

Kwetu kigingi cha mpaka hakichezewi. Mtu aking'oa cha mwenzake wanafikishana baraza la kijiji, na kuna ndugu hawazikani kwa ajili hiyo. Kwa baba, kijiti chochote kilichopigiliwa mbele ya mashahidi kilikuwa neno la mtu. Siku moja alipokwenda kunywesha ng'ombe nikang'oa kimoja. Aliporudi akakipigilia tena kwa jiwe palepale, akakinyoosha utepe, wala hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Elimu yangu aliiamini kuliko alivyoniamini mimi mwenyewe niliyeisoma.

Hata palizi alifanya. Uwele wa wenzake ukiwa unafika magotini, yeye alifyeka majani kuzunguka vigingi ili wakubwa zangu wasije wakavikosa. Majirani hawakumwacha. "Mzee, umepanda vijiti, utavuna nini?" Naye anacheka, anasema subira yavuta heri. Subira gani, jamani! Kwetu msimu ni mmoja tu kwa mwaka, ukikupita umekupita. Nilimpigia kelele baba yangu mzazi, mama akaniambia nyamaza, utalaaniwa. Nikanyamaza. Mvua zikakata, nikarudi mjini kwenye vocha zangu.

Wenzetu walipokuwa wanapura, mama alikuwa anakwenda kuwasaidia ili apewe debe. Ng'ombe wa kulimia wakauzwa mnadani, tukanunua mahindi. Baba akaanza kula mara moja kwa siku, akisema tumbo linamsumbua. Nilirudi nyumbani kuwasaidia, lakini kusaidia na nini? Nikiwaangalia nilikuwa naona kabisa kwamba shahada ile ndiyo iliyotufikisha pale. Nililia sana mwaka ule.

Kiangazi kilipokolea simu ikaita. Alikuwa msimamizi yule yule. Kambi inarudi, safari hii ng'ambo ya mbuga. Moyo ulinipasuka kwa furaha, Mungu anisamehe.

"Ila watu wa nyaya tumeshapata," akasema. "Jikoni ndiko kuna nafasi. Kupika na kuosha vyombo. Utaweza?"

Mama alikuwa uani, anachekecha pumba apate za kupika uji.

"Nitaweza," nikasema.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Ni wao?"

"Ni wao, baba."

"Wamekuita kazini?"

"Wameniita."

Hakuuliza kazi gani. Alipangusa macho kwa kiganja, akaingia ndani, akatoka amevaa shati lake la kanisani, akaenda kuwaambia majirani.