Benchi Lililoota Majani

Seremala huyu mtaa mzima ulimwita Kesho, na usidhani walimwonea. Ukiulizia mlango wako, anakwambia kesho. Ukirudi hiyo kesho, anakutazama kama mtu aliyewahi mno. Ila kazi yake ikitoka, imetoka. Hapo hata adui hakuwa na la kusema.

Mkewe alifua nguo za watu mtoni, amechuchumaa, na mgongo ulishaanza kumkatalia. Alianza kuomba benchi la kukalia tangu mtoto wao wa kwanza hajaota meno. Sasa mtoto huyo ana ndevu. Watu wa nje walitengenezewa vitanda, makabati, hata kiti cha kinyozi. Mganga hajigangi, sawa, tumesikia. Na mke wa mganga je?

Siku mgongo ulipomlaza mama kitandani, bwana aliona haya, haya ya kweli, akashika msumeno akateremka mtoni. Mbao kavu ziliuzwa mjini, na mjini ni mbali. Mwerebi ulikuwa pale pale ukingoni, kichaka cha majani membamba ambacho hakuna aliyekipanda. Mtaa wenyewe ulikikuta. Akakata miguu minne minene, mibichi, na maganda yake, akaikita kwenye tope benchi lisiyumbe, juu akapigilia ubao. Mama alipopata nafuu akaenda kulikalia. Akasema asante, akalia kidogo, akaendelea kufua.

Mvua ziliponyesha, benchi likachipua. Mwerebi ndivyo ulivyo: ukiuchomeka penye maji, hauna habari kwamba ulikatwa. Miguu yote minne ilitoa majani, bila upendeleo.

Mtaa ukapata la kusema. Muuza nyama alikuja kuulizia kitanda, akataka kujua kama kinauzwa pamoja na mbolea. Mteja mmoja aliyesubiri kabati kwa subira kubwa akavunja oda, akidai hana muda wa kupalilia nguo. Hapo maji yakamfika fundi shingoni. Kuitwa Kesho alishazoea. Kuitwa seremala asiyejua mti mbichi na mkavu kulimuuma. Akachukua panga, akakata kauli: benchi ling'olewe leo hii, ushahidi upotee.

Alimkuta mkewe amelikalia, beseni mbele yake, kivuli cha majani kichwani, mgongo umenyooka. Akamwomba asimame kidogo. Mama hakusimama.

"Baba watoto, ukilikata nitakaa wapi?"

"Nitakutengenezea jingine. Zuri, la mbao kavu."

"Lini?"

Fundi akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, limekaa ulimini miaka yote, lakini mbele ya mgongo ule likagoma kutoka. Akalitazama panga lake. Akainama, akakata kijitawi kilichokuwa kinamchoma mkewe shingoni, akakitupa mtoni, akarudi nyumbani.

Siku hizi kila Jumamosi utamwona anateremka kulipogoa. Wapita njia humsalimia na kumcheka kwa pamoja, naye huitikia vyote viwili. Wenye milango na makabati bado wanaambiwa kesho. Benchi la mkewe hajaliahirisha hata mara moja.