Saa Nane za Kaka Idrisa Angani

Harufu ya maganda ya matoke yaliyoshinda chini ndiyo hunirudisha kwetu Wandegeya, enzi za utawala wa wanajeshi. Nyumba yetu ilifagiwa kabla ya chai, kila siku ya Mungu. Siku ile mama alificha ufagio. Kwetu msafiri akitoka, hufagii mpaka afike, usije ukamfagilia mbali. Kaka Idrisa, msomi wetu wa chuo kikuu, alikuwa anatafutwa, na waliotafutwa wakati ule waliokotwa msituni hawana macho. Basi alfajiri baba mdogo akampeleka Entebbe. Ndege ya London ingeruka saa mbili asubuhi. Karani wa tiketi, mtu wa kusemea puani, alikuwa amemwambia mama: “Mbaaali, hajati! Unaipita Misri, unaipita bahari. Saa nane juu.” Mama akahesabu vidole: saa kumi atakuwa ametua. Mpaka hapo, mdomo ufungwe.

Saa nane mchana wakaingia askari watatu. Mkubwa wao, mwenye sauti ya ngoma iliyopasuka, alikulia kwa Waislamu, na mila ya ufagio aliijua. Akatazama sakafu, akacheka. “Aah! Nyumba ya Waswahili, iko chafu hivi? Nani nasafiri hapa? Kama kijana yako iko kwa ndege, mimi napiga simu, ndege nageuka kama mbuzi ya kamba!” Mama akasema, “Ndege gani, afande? Mgongo tu unaniuma.” Kitako cha bunduki kikampata mdomoni. Meno yakaanguka kwenye maganda, mawili, na la tatu likaning'inia. Afande akanigeukia mimi, mtoto wa miaka saba, msemaji kuliko redio. “Wewe! Kaka yako wapi?” Nikasema, “Mulago, anamwangalia shangazi hospitali.” Wawili wakaenda kupekua wodi. Yule mkubwa akabaki, buti lake juu ya vidole vya mama, akikanyaga polepole kama mtu anayezima sigara. Vilikuwa vinalia, ka, ka. Mama akarudia tu, “Mgongo, afande.” Wenzake wakarudi mikono mitupu, mimi nikapigwa mkanda mpaka nikajikojolea.

Adhana ya alasiri ikalia, saa kumi. Mama akatema damu. “Yuko London. Haya afande, piga simu yako.” Walimpiga mateke mpaka wakachoka wenyewe, wakaondoka. Akaniambia, “Lete ufagio.”

Baadaye barua ikaja, baba mdogo akaisoma: nimefika salama, saa saba mchana, baridi kali. Mama akaruka. “Saa saba? Askari si walikuja saa nane? Banange, kumbe nilipigwa bure!” Akacheka kwa ufizi mpaka machozi. Ikawa mchezo wetu. Kila Idi mimi nilivuta midomo ndani, nikasema kama yeye, “Nilipigwa bule!”, na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Mama alizikwa akiamini hivyo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuwa anajiandaa kwenda hukohuko. Ni saa nane zilezile tu, anasema, unalala, unakula, umefika. Nikamchekesha na kisa cha bibi yake mkuu. Hakucheka. “Jaja, saa za kule ziko nyuma. Wakati wa baridi, saa saba yao ni saa kumi yetu.” Nikamwambia arudie. Akarudia. Basi askari walipoingia, kaka alikuwa bado yuko juu, na simu ingemkuta. Vidole vile vilinunua saa mbili nzima, na mimi miaka yote nimevitumia kuchekesha watu.