Siku Wakwe Walipolishwa Majani ya Chai

Sisi tuliokulia Bariadi miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, tulizoea kushangaa. Ulilala pamba inanunuliwa na chama cha ushirika, ukaamka wamefika wanunuzi binafsi na mizani zao, wanawagombania wakulima kama wachumba. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kunukia, kandambili za kila rangi na mashati ya mitumba yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Shuleni tulikwenda peku, mfukoni tuna michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu ambavyo ukivitafuna meno yanalia. Mpe kijana wa leo michembe, atakuuliza inapakwa nini juu.

Lakini katika mshangao wote ule, hakuna kilichotuchanganya kama hoteli ya Mama Dengu.

Mume wake alikuwa fundi mitambo kwenye jineri mpya ya kuchambua pamba, na walikuwa wametoka nchi iitwayo Burma. Wazee waliijua kwa jina la Bama, maana kuna waliopelekwa kupigana huko zamani za Mwingereza. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, na mashavuni alijipaka kitu cha manjano hafifu, kama unga uliokaukia usoni. Watoto tuliamini anasahau kunawa. Alifungua hoteli karibu na soko, meza zina vitambaa na viti vimepakwa rangi ya bluu, akawa ananunua dengu nyingi kwa wakulima kuliko mtu yeyote mjini. Ndipo akapata jina. Kwamba ndani ya hoteli ile hakuingii nyama, hilo nyumbani kwetu halikujulikana. Hatukuwa watu wa kula hotelini.

Mwaka huo dada yangu Kabula alikuwa amechumbiwa na kijana wa Lalago, na pande mbili zilikuwa hazijaelewana mahari. Baba wa kijana, Mzee Luhende, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, alikwishasema kikao kinachofuata ni cha mwisho. Wakishindwana, mwanawe ataoa kwingine. Kabula alikuwa amekonda kwa mawazo. Wakwe walitarajiwa nyumbani Jumapili, na mama alikuwa ameshachagua mbuzi. Basi Jumamosi tuko sokoni, baba, mama na mimi, tukawaona wanashuka kwenye lori la pamba: Mzee Luhende na dada yake mkubwa, Shangazi Mbuke. Wamepata lifti, wamewahi siku moja.

"Mwadila, Maduhu," mzee akamsalimu baba.

Baba akaitikia huku anamtazama mama kwa jicho la kuomba msaada. Nyumbani ni mbali, mbuzi bado yuko malishoni, na wakwe wana njaa. Akatupa macho huku na huku, akaviona vile viti vya bluu.

"Twendeni tukale mahali pa heshima," akasema.

Tukakaa. Mama Dengu akaleta vyakula bila kuulizwa sana. Kulikuwa na vipande vya manjano vinavyotetemeka, vya unga wa dengu uliogandishwa, vingine vimekaangwa. Kulikuwa na tambi ndefu ndani ya mchuzi, na mimi, niliyekuwa sijawahi kuona tambi, nikajua ni minyoo, nikaficha mikono chini ya meza. Na kulikuwa na sahani kubwa ya majani meusi, yamechanganywa na karanga za kukaanga, ufuta, kabichi na pilipili.

Mzee Luhende akayagusa majani kwa ncha ya kidole. "Hiki ni nini?"

"Chai," akajibu Mama Dengu akitabasamu.

"Chai inanywewa."

"Hii, kula."

"Na nyama iko wapi?"

"Nyama hakuna, baba. Sisi hapana kula kitu ya damu."

Nilimwona mama akimkanyaga baba mguu. Mzee Luhende akasimama, kofia mkononi. "Maduhu, nimekuja kuomba mtoto kwako. Unanilisha majani kama ndama?"

Nikamfikiria Kabula nyumbani, anasugua sufuria za kesho, hajui kwamba ndoa yake inavunjika kwa sababu ya majani ya chai.

Shangazi Mbuke hakusimama. Alikuwa anamtazama Mama Dengu. "Humu hakuna nyama kabisa? Hata mafuta yake?"

"Hakuna, mama."

"Na sufuria? Haijawahi kupikiwa nyama?"

"Hapana. Hata siku moja."

Shangazi akanawa tena mikono, akachukua kipande cha manjano, akala. Akachukua cha pili. Akaonja majani ya chai, uso ukakunjamana kwa ugwadu, halafu akacheka.

"Kaa chini, Luhende," akasema huku anatafuna. "Tangu nikiwa mtoto nakula pembeni kwenye bakuli langu. Leo nakula mezani na watu, wewe unataka niondoke?"

Akatusimulia, ndipo tukaelewa. Utotoni aliugua sana, mganga akamponya na kumpa mwiko: asile nyama, wala chakula kilichotoka kwenye chombo kilichogusa nyama, maisha yake yote. Harusini na misibani alikaa peke yake na ugali wake na maziwa ya mgando.

Mzee Luhende akaketi taratibu. Akamtazama baba kwa macho mengine. "Maduhu, nani alikuambia habari za dada yangu?"

Baba, ambaye hakuwa ameambiwa na mtu yeyote, akakohoa. "Mgeni lazima umfikirie," akasema. Mama akainama kama anatafuta kitu sakafuni, mabega yanatikisika.

Kesho yake mahari iliisha kabla mbuzi hajaiva. Shangazi alisema hawezi kumwacha binti wa watu wanaofikiria wenzao, na neno la shangazi halikupingwa. Mimi nilibaki nimechanganyikiwa. Darasani nilisimulia kwamba nimekula dengu iliyokatwa kwa kisu na nimetafuna chai, nikaitwa mwongo wiki nzima.

Jineri ilipopata wamiliki wapya, Mama Dengu na mumewe wakaondoka. Wengine wakasema wamerudi Burma, wengine wakasema wako Mwanza. Kabula, akiwa kwa mumewe Lalago, alijaribu kumpikia shangazi vile vipande. Vikatoka ugali. Shangazi alikula na kusifia.

Shangazi tulimzika mwaka jana. Walikuja wapishi wa kukodi na vyombo vinavyong'aa: wali, nyama, kuku, samaki, tambi, mboga za kila namna. Vijana wakapanga mstari, simu mkono mmoja, sahani mkono wa pili, kila mtu anachota apendacho. Binti mmoja akapita pale kwenye nyama bila kuchota, akaenda kukaa na mboga zake, wala hakuna aliyegeuka kumtazama. Enzi zetu mtu mmoja asiyekula nyama aliweza kusimamisha ndoa, na kuiokoa pia. Leo hakuna anayekwazika, ni raha tupu. Ila nilipomuuliza mwanangu, aliyekaa kiti cha jirani naye, kama yule binti ameshiba, akainua macho kwenye simu na kuniuliza, "Binti gani?"