Refa Patrobas Arudi Uwanjani

Patrobas alikuwa refa asiyenunulika, na mitaa yote ya Eastlands, Nairobi, ilijua. Siku za kazi alisimama kutwa mbele ya mashine katika kiwanda cha mabati. Jumapili akitoka kanisani alivaa jezi nyeusi, akatia filimbi mdomoni, na pale uwanjani Ziwani neno lake likawa sheria.

Kisha miguu ikamgeuka. Ilianza kwa visigino kuuma asubuhi, maumivu yakapanda hadi magotini. Akikimbia, vifundo vililalia ndani, naye akawa anayumba. Mpira ukaanza kumwacha. "Refa, uko Mombasa ama?" mashabiki walimzomea. Siku moja aligeuka ghafla kumfuata winga, mguu ukapinduka, akaanguka kifudifudi, filimbi ingali mdomoni. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mshika kibendera wake alicheka.

Rispa, mama aliyeandaa mashindano ya Jumapili pale uwanjani, ndiye aliyemwinua. "Ndugu yangu, pumzika kwanza," akamwambia kwa upole. Upole ule ulimuuma kuliko kicheko.

Mkewe, Khalayi, hakuvumilia kumwona Jumapili nzima akitazama ukuta katika chumba chao mtaani Kware. Akaenda soko la Gikomba, akamletea soli za ndani za sponji, nene na laini. Patrobas akazitia kwenye raba, akatembea, akacheka.

"Mama Ryan, hizi ni godoro!" akamwambia mkewe.

Kwa kwenda dukani zilikuwa raha tupu. Ila alipojaribu kukimbia na kukata kona, mguu ulizama, ukakosa pa kushikilia, na kifundo kikalala vilevile. Starehe aliipata, kusimama imara, bado.

Ndipo Khalayi akamkokota hadi kliniki kwa Kavinya, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kavinya alimwambia aloweshe miguu, kisha akanyage sakafu kavu. Alama zilizobaki zilijaa kote, kama chapati mbili.

"Nyayo zako hazina mwinuko katikati," Kavinya alisema. "Wengi wako hivyo na hawaumwi chochote. Lakini wewe ukikimbia, wayo unalala na kuvuta goti. Mguu wako hautaki godoro, baba. Unataka pa kuegemea."

Akampa soli ngumu kiasi, zilizoinuka katikati na kukumbatia kisigino. Patrobas alizikanyaga, akakunja uso.

"Daktari, umenitilia jiwe kwa kiatu!"

"Utazizoea. Vaa kidogo kidogo nyumbani kwanza. Na zisikufanye mvivu. Mguu wenyewe lazima uupe nguvu."

Basi Khalayi akisonga ugali, Patrobas naye yuko pembeni, ameketi kwenye stuli, akiokota taulo kwa vidole vya miguu. Mwanzo vidole vilikataa kata kata. Akasimama kwa mguu mmoja, akaangukia kitanda, akasimama tena. Majirani waliopita mlangoni walimwita korongo. Hakujali. Asubuhi moja alishuka ngazi zote za jumba lao, akafika barabarani, ndipo akashtuka: hakushika ukuta, na hakuna kilichouma! Akapanda tena mbio hadi juu kumwambia Khalayi. Wakakumbatiana mlangoni, mwiko ungali mkononi mwa mkewe.

Hakungoja kuitwa. Alimwendea Rispa, akamwambia, "Nikimbize na vijana wako mazoezini. Nikiachwa, sitakusumbua tena." Hakuachwa. Rispa akampa fainali.

Siku hiyo timu ya Ziwani ilikutana na ya Pumwani. Dakika zilikuwa zinayoyoma, hakuna bao, na Pumwani walikuwa wanapiga kona. Beki wa Ziwani akaupiga mpira mbele, mshambulizi wao akauwahi, akachomoka nao. Patrobas akatimua mbio kutoka lango hadi lango, miguu ikishika ardhi vizuri, kifundo kimetulia. Shuti likagonga mwamba, mpira ukadunda chini na kurudi nje, kipa akaudaka. Filimbi ikalia. Bao!

Pumwani wakamzingira kama nyuki. "Refa, umeonaje?" nahodha wao, Zaid, alifoka.

"Nilikuwa hapa," Patrobas akajibu, akionyesha alipokuwa amesimama, usawa wa mlingoti.

Zaid akamgeukia kipa. "Aqil, sema ukweli. Uliingia?"

Aqil akainamisha kichwa. "Uliingia."

Zaid akashusha pumzi, akanyoosha mkono. "Wazi, refa."

Kipenga cha mwisho kilipolia, mashabiki walimiminika uwanjani. Wengine walikuwa wa Ziwani, wengine wa Pumwani, na kwa pamoja wakamnyanyua Patrobas mabegani. Tangu lini refa akabebwa? Khalayi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Nishusheni!" Patrobas alipaza sauti, machozi na kicheko vikimchanganyikia. "Nataka kutembea mwenyewe!"

Wakamshusha, wakampisha. Akauzunguka uwanja wote kwa miguu yake, taratibu, kifua mbele, huku watu wakimpigia makofi.