Hitima ya Kitabu cha Punda

Mwalimu aliniita shuleni kwa sababu ya kitabu. Mimi sikujua kama ni kitabu. Niliambiwa tu nifike, nikajifunga kanga nikaenda roho mkononi, nikidhani mjukuu wangu ameanguka au amepigana. Mtu aliyetoka kuzika hawezi kuitwa mahali akadhani ni kwa heri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Yupo darasani, mzima. Kaa kwanza."

Alikuwa binti mdogo bado, mwalimu wa darasa la sita, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la vitabu vya hadithi. Akanieleza kwamba mjukuu wangu aliazima kitabu kabla mama yake hajafariki, hajakirudisha, wala hajaazima kingine.

"Sikudai, bibi. Wenzake wanakiulizia, lakini mimi namuulizia yeye. Kila Ijumaa alikuwa wa kwanza kufika hapa kabatini. Siku hizi kengele ikilia anachukua ufagio, anakwenda kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa."

Nilimwambia nitakitafuta. Lakini nilijua kilipo. Kilikuwa chini ya godoro la mtoto, kimeviringishwa kwenye kipande cha kitenge.

Mama yake alikuwa mwanangu wa mwisho. Alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwetu hapa Kilwa Masoko, na mtoto akitoka shule alikaa mkekani miguuni pake akimsomea. Yeye mwenyewe mikono haikuwa na nafasi ya kushika kitabu. Mimi nikiwa uani nakuna nazi, nilijua hadithi imefika patamu kwa sababu cherehani ilinyamaza. Kitabu hicho cha mwisho kilikuwa cha punda mmoja mbishi aliyekataa kubeba chumvi. Mwanangu alimpenda punda yule kama jirani.

"Huyu punda ana akili kuliko baba yako," alimwambia mtoto siku moja. Mwanangu na baba wa mtoto walikwisha kuachana, mwanamume yuko Rutamba kwenye mikorosho yake na mke mwingine.

"Mama!"

"Nini? Nimemsifu punda. Haya, endelea."

Zilikuwa zimebaki kurasa chache homa ilipomshika. Mwanzo tukasema malaria, baadaye tukaambiwa ni ugonjwa wa damu. Tulimpeleka hospitali Lindi akiwa amekaa kitini, tukamrudisha amelala.

Niseme kidogo habari za kusoma kwangu, maana hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Nimefika darasa la saba, lakini kusoma sikufundishwa shule. Nilifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla sijaota meno ya pili. Kule tulifundishwa adabu kwanza, herufi baadaye. Unanawa. Huweki kitabu chini. Unasoma kwa sauti, mwalimu akusikie. Na ukianza sura huiachi njiani. Nilipopata watoto, halafu wajukuu, adabu hiyo niliitumia kwa kila chenye maandishi. Kitabu cha hadithi kikiingia nyumbani kwangu, mtoto ananawa kwanza, na akikianza atakimaliza hata kikiwa kichungu kama shubiri.

Jirani yangu alikuwa akinicheka. "Shoga, umeanza kumtilia punda udhu?"

"Kitabu ni kitabu," nilimjibu.

Nilipotoka kwa mwalimu niliona dawa ni kumtafutia mtoto kitabu kingine, kizuri kuliko kile. Ijumaa iliyofuata nikaenda mwenyewe kabatini. Nilichagua kwa jalada. Lilikuwa na binti aliyevaa sare safi, ameshika cheti, anacheka. Nikampelekea. Akasoma mistari mitatu minne, akakifunga.

"Bibi, huyu mama yake amekufa ukurasa wa kwanza."

"Ndiyo, lakini mwishoni anakuwa daktari."

"Umesoma?"

"Nimeona picha."

Akanirudishia kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Angekitupa nisingeumia vile.

Safari ya pili nikaogopa huzuni, nikachukua chenye picha nyingi na maandishi makubwa.

"Hiki cha darasa la pili," alisema. "Sungura anahesabu karoti."

"Karoti zinafaa kwa macho."

"Basi kasome wewe, macho yako ndiyo mabovu, mke mwenza."

Mimi ndiye huwa namwita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwa kuwa marehemu babu yake alimwita mke wake mdogo. Siku ile alinirudishia utani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilifurahi hata nikasahau kwamba kitabu kimekataliwa. Umri wa miaka kumi na moja ni mgumu kumchagulia mtu kitu chochote, hata kandambili. Cha watoto kinambana na cha wakubwa kinampwaya.

Cha tatu kilikuwa kinene. Nilifikiri unene ni heshima. Hicho hata hakukifungua.

Mwalimu akaniambia, "Bibi, unamchagulia wewe. Mlete mwenyewe. Mwache avishike, avifungue, asome ukurasa mmoja. Maneno asiyoyajua yakimaliza vidole vya mkono mmoja, hicho bado, achukue kingine. Na akichukua, asipokipenda, akiache."

"Akiache? Katikati?"

"Katikati. Si dhambi, bibi. Na akimaliza, usimuulize amejifunza nini. Muulize amecheka wapi."

Nilirudi nyumbani sina raha. Kuacha kitabu katikati kwangu kulikuwa kama kumwacha mgeni mlangoni. Nikaamua la kwanza ni kumalizana na punda. Akimaliza kile, nilijiambia, njia itafunguka.

Tulikuwa uani tunamenya mihogo. Nikamwambia kwa upole, "Mke mwenza, kile kitabu cha mwalimu zimebaki kurasa kidogo tu. Kitabu hakiachwi njiani. Kihitimishe, tukirudishe."

Kisu chake kikasimama.

"Sitaki hitima."

"Nani kasema hitima? Nasema kitabu."

"Umesema nikihitimishe."

Kwetu siku ya arobaini husomwa hitima. Msahafu hugawanywa juzuu juzuu, huyu hii na yule ile, wote wanasoma pamoja, sauti zinachanganyika kama nyuki, na Kurani nzima inamalizika kwa kikao kimoja. Inaombwa dua, watu wanakula, matanga yameisha. Mtoto akimaliza msahafu chuoni, hiyo nayo ni hitima, na anavishwa nguo mpya. Hata shule, anayemaliza amehitimu. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote, la furaha na la msiba, sikuwahi kuligeuza nione upande wa pili una nini.

"Mlimsomea mama hitima," alisema, bado anautazama muhogo. "Mlipomaliza mkala pilau, mkaondoka. Mikeka ikarudishwa kwa wenyewe. Hakuna aliyemtaja tena. Hata wewe, bibi. Kesho yake ulikaanga vitumbua."

Ni kweli. Kesho yake nilikaanga vitumbua. Nilikuwa sijui mikono yangu niipeleke wapi.

Ningeweza kumwambia kwamba hitima ni thawabu anayopelekewa maiti, haimmalizi mtu, na kwamba mama yake mimi namtaja kila nikisujudu. Yote ni kweli. Lakini alichokiona yeye nacho ni kweli. Watu waliondoka. Na mimi jina la mwanangu nilikuwa nalimeza mbele yake, nikidhani namkinga. Nikamenya mihogo yote iliyobaki, mpaka ile ya kesho.

Baadaye, anajiandaa kwenda chuoni, buibui lake dogo kichwani, alinijia na kitabu kikiwa bado ndani ya kitenge.

"Soma wewe," alisema. "Usiniambie."

"Nisikuambie mwisho?"

"Usiniambie chochote. Usome kimya."

Hapo nikapatikana. Kusoma kimya sijui. Mimi nikisoma, midomo yangu inasoma pia, na sauti inatoka nisipende. Ndivyo nilivyofunzwa. Nikangoja aende chuoni ndipo nikae barazani na kitabu, na hata hivyo nilibana midomo kwa vidole, maana kwetu ukuta mmoja na jirani, na mtoto angeweza kurudi ghafla. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu maneno kuingia machoni na kukaa ndani bila kupita kinywani. Ni jambo la upweke. Hakuna anayekusikia wala anayekusahihisha. Nilifikiri, kumbe wanaosoma hivi wanabaki peke yao kiasi hiki.

Zilinichukua alasiri kadhaa. Mahali fulani punda anamjibu mwenye chumvi jambo moja la ujeuri, na nikajua kabisa, hapa ndipo cherehani ingenyamaza. Ningesikia kutoka uani, na mwanangu angesema, "Rudia hapo." Kitabu kikanianguka mapajani. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimelia kwa ajili ya wageni, kwa sababu matanga yana kilio chake na watu wanakitazamia. Siku hiyo nililia kwa sababu ya punda, na hapakuwa na mtu.

Niliendelea mpaka mwisho. Mwisho ninao, na sitauandika hapa, kwa kuwa nilimwahidi.

Aliponiona nimekirudisha kwenye kitenge alisimama mlangoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mama angecheka?"

"Kuna mahali angecheka mpaka uzi ukatike."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akauliza kama nilipasikia mahali ambapo mama yake alipapenda zaidi katika zile kurasa za mwanzo, nikasema nilipasikia, akanisimulia hata hivyo. Tukakaa pale tukimtaja mwanangu kwa jina, yeye akimwigiza alivyokuwa akishika pini mdomoni na kuzungumza kwa pembe moja ya midomo. Sikupika usiku ule. Tulikula muhogo wa mchana.

Ijumaa tulikwenda pamoja. Alimkabidhi mwalimu kitabu, akakitoa kwenye kitenge na kitenge akabaki nacho. Mwalimu hakuuliza. Alifungua kabati tu, akarudi kwenye madaftari yake, nami nikakaa kwenye benchi nimejizuia mikono na mdomo. Mtoto alivitoa vitabu kimoja kimoja, akifungua, akinusa, akikunja vidole kwa maneno asiyoyajua, akirudisha. Mwisho akaja na kijitabu chembamba kilichochanika jalada. Kilikuwa cha wanyama wa baharini. Kila ukurasa mnyama wake, na maelezo.

"Hiki hakina hadithi," nilishindwa kunyamaza. "Hata mwanzo na mwisho haujulikani."

"Ndiyo nakitaka."

Mwalimu akanikata jicho.

Tulipofika nyumbani hakuanza mwanzo. Alikaa mkekani, akafungua katikati, akaangukia kwa pweza. Pweza kwetu hasomwi. Tunamjua kwa mwamba anakojificha, kwa kupondwa apate kulainika, na kwa tui la nazi. Mtoto akaanza kunisomea kwa sauti, na mimi nikamsikiliza huku nachambua mchele.

Kitabu kilieleza kwamba pweza jike hutaga mayai ndani ya shimo la mwamba, akayaning'iniza kama shanga. Hatoki tena. Anayapepea maji, anayapangusa, anafukuza samaki. Hali chochote. Anakonda, rangi inamtoka, na siku mayai yanapoanguliwa, yeye anakufa.

Mkono wangu ulikwisha kunyanyuka kukichukua kile kitabu. Nilijilaumu kwamba sikukisoma kwanza. Lakini sauti yake haikukatika, akafika nukta ya mwisho, kisha akarudi juu akasoma tena kimya, kidole kikitembea.

"Bibi, ulijua?"

"Sikujua. Nimemla tangu utoto, sikujua."

"Na watoto wake wanalelewa na nani?"

"Soma, si kimeandikwa?"

"Hakijaandikwa."

Akafunua ukurasa wa nyuma, akafunua wa mbele. Wa mbele ulikuwa wa kaa.

"Wameruka wakaandika kaa!" alisema, na machozi yakamtoka kwa nguvu, machozi ya hasira, ambayo sikuyaona mazishini wala siku ya arobaini. "Watoto wa pweza wamewaacha hivihivi. Hawajasema wanakula nini. Hawajasema wanakwenda wapi."

Nikasogeza ungo, nikamvuta kwangu. Alikuwa mzito, amekuwa mkubwa, magoti yake hayakutosha tena mapajani pangu. Nilitaka kumwambia kwamba wanalelewa na bibi yao. Lilikuwa limenifika ulimini. Lakini sijui kama pweza wana bibi, na sikutaka kumjibu kwa kitu nisichokijua.

"Sijui, mwanangu," nilisema. "Kweli sijui."

Alilia mpaka akachoka. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga yangu, akakivuta kitabu, akakitazama kama mtu aliyemdanganya.

"Mwalimu anacho kingine cha pweza?"

"Tutamuuliza Jumatatu."

"Jumatatu mbali," alisema, na akaanza kunisomea habari za kaa kwa sauti ya kununa.